Kutoka koroboi hadi tokeni: jinsi mwanga ulivyoingia nyumbani

Leo sitaandika kuhusu simu mpya wala kompyuta. Watu wengi wakieleza historia ya teknolojia hapa Kenya huanza na M-Pesa mwaka wa 2007, kana kwamba kabla ya hapo tulikuwa tumekaa tu tukingoja. Mimi nitaanza na kifaa kidogo zaidi ambacho kila nyumba imekuwa nacho: taa. Historia ya taa ina mambo yote yanayotusumbua leo sisi tunaoandika programu: malipo, mikopo, namba za siri, na swali la nani anashika swichi.

Nitasema hoja yangu mapema ili usihangaike kuitafuta. Taa zimebadilika mara nyingi, lakini mara nyingi kilichoamua nani apate mwanga na nani abaki gizani hakikuwa taa yenyewe. Kilikuwa njia ya kulipa.

Koroboi na chupa ya mafuta

Kwa wale waliozaliwa mjini, koroboi ni taa ya bati isiyo na kioo. Tanzania wanaiita kibatari. Fundi wa jua kali huchukua mkebe uliotupwa, anaukata, anaulehemu, anatia utambi wa kitambaa, na taa imekwisha. Juu yake kwa cheo kulikuwa na taa ya chemni, yenye kioo cha kupanguswa kila jioni. Juu zaidi kulikuwa na karabai, ile ya kupampu, ambayo ilitolewa siku za wageni, matanga, harusi na kesha za kanisa.

Koroboi haikuwa kitu kizuri, tusijidanganye. Asubuhi ungepenga kamasi nyeusi. Daftari la hesabu lilinuka mafuta ya taa hadi darasani. Mtoto akiigonga mezani, mlikuwa na bahati kama ni kitambaa cha meza tu kilichoungua. Lakini ilikuwa na sifa moja ambayo stima ilichukua karibu miaka mia moja kuifikia: ungeweza kununua mwanga wa pesa uliyo nayo. Duka la kijijini lilipima mafuta kwa chupa, kwa nusu chupa, hata kwa kifuniko kama ni jirani. Hakuna aliyekuuliza kitambulisho, hakuna fomu, hakuna mtu wa kuja kupima umbali kutoka nguzo.

Tena kwa kuwa taa ilikuwa moja, familia yote ilikuwa mahali pamoja. Nyumbani kwetu kijijini taa ikienda jikoni, hesabu zilingoja. Ikirudi, tulisoma wote upande mmoja wa meza, na Mama akisoma Biblia yake upande wa pili. Sisemi hivyo ndivyo ilivyofaa kuwa. Nasema tu kwamba mwanga uliokuwa haba ulipanga ratiba ya nyumba nzima.

Na haya si mambo ya enzi za babu. Sensa ya 2009 ilionyesha kwamba asilimia 38 hivi ya nyumba za Kenya zilitumia koroboi kama taa yao kuu, na asilimia 30 hivi taa ya chemni. Stima ilikuwa katika asilimia 23 hivi, na sola haikufika asilimia 2. Fikiria mwaka huo: M-Pesa ilikuwa na miaka 2 tayari. Mtu angeweza kutumiwa pesa kwa simu kutoka Nairobi, kisha akawasha koroboi ili atafute kitambulisho cha kuzitolea.

Stima yapita juu ya nyumba

Neno stima lenyewe lina historia. Katika Kiswahili cha zamani stima ilikuwa meli inayokwenda kwa mvuke. Wakenya wakalichukua neno hilo wakaita umeme, na mpaka leo ukisema umeme sokoni watu watakuona kama mtangazaji wa habari.

Mwaka wa 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alinunua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar, na ikaundwa kampuni ya kuwasha taa Mombasa. Mwaka huohuo mhandisi Clement Hertzel akapewa haki ya kusambaza stima Nairobi. Kampuni hizo 2 ziliungana mwaka wa 1922 zikawa East African Power and Lighting, ambayo ilibadilishwa jina mwaka wa 1983 kuwa Kenya Power and Lighting, na tangu 2011 inajiita Kenya Power.

Katikati ya miaka hiyo kulifanyika kazi kubwa za uhandisi. Mwaka wa 1954 iliundwa kampuni ya kuleta umeme kutoka Uganda, ambako bwawa la Owen Falls lilikuwa limefunguliwa. Mwaka wa 1968 likafunguliwa bwawa la Kindaruma kwenye Mto Tana. Mwaka wa 1981 Olkaria ikaanza kutoa umeme wa mvuke wa ardhini. Kwa hivyo tulikuwa na umeme. Tatizo ni kwamba nyaya zilipita juu ya vijiji zikielekea mjini na viwandani, na aliyekuwa chini yake aliendelea kununua mafuta kwa chupa.

Serikali ilianzisha mpango wa kupeleka stima mashambani mwaka wa 1973. Sheria ya Nishati ya 2006 ikaunda mamlaka maalum ya kazi hiyo, ambayo ilijitahidi kufikisha nyaya kwenye masoko, shule na zahanati. Lakini kuifikisha sokoni si kuingiza nyumbani. Kuunganishwa kuligharimu takriban shilingi 35,000, na hizo ni mbali na pesa za fundi wa waya. Kwa mama anayeuza mboga, stima ya kila mwezi pengine isingemshinda, kwa sababu tayari alikuwa akitumia pesa kila siku kwa mafuta. Kilichomshinda ni mlango. Mlango ulitaka shilingi 35,000 kwa mpigo mmoja, na mboga haziuzwi hivyo.

Mwaka wa 2015 ulianza mradi wa Last Mile. Nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma ziliruhusiwa kuunganishwa kwa shilingi 15,000, tena kwa kulipa polepole. Nyumba ndogo ambazo hazikuwa na waya zilipewa kibao kilichotengenezwa tayari, chenye soketi, swichi na mahali pa balbu, kikapigiliwa ukutani. Kwa fundi wa mjini hilo ni jambo la kuchekesha. Kwa mwenye nyumba ya chumba kimoja, ni mtambo mzima wa stima kwenye ubao. Sensa ya 2019 ikakuta nusu ya nyumba zote nchini zinatumia stima ya nyaya kwa mwanga.

Jambo ambalo takwimu hazisemi ni yale yanayofuata baada ya balbu ya kwanza. Balbu huonyesha masizi. Ukuta ambao kwa miaka 20 ulionekana safi kwa koroboi, ghafla unaonekana kama ndani ya chungu. Nimeona nyumba nyingi kijijini ambazo ukarabati wake ulianza wiki moja baada ya stima: rangi kwanza, kisha dari, kisha pazia, kisha sementi sakafuni, na baba wa nyumba akashangaa pesa zinaenda wapi.

Tarakimu 20

Kuanzia 2009 Kenya Power ilianza kuweka mita za kulipia kabla. Hapa ndipo stima ilipojifunza adabu ya duka la mafuta: nunua ya pesa uliyo nayo. Unatuma shilingi 200 kwa simu, unapokea tarakimu 20, unazibonyeza kwenye mita, taa zinawaka. Huko kwetu Nairobi tunaziita tokeni, na hakuna nyumba ya kupanga ambayo haijawahi kusikia mlio wa mita saa 3 usiku wakati wa kupika chapati.

Mimi huipenda sana tokeni kama kazi ya programu. Mita haina intaneti, na haihitaji. Ndani ya zile tarakimu 20 kuna kiasi cha umeme ulionunua na alama ya wakati, vyote vimefichwa kwa ufunguo wa siri ambao ni mita yako tu na mashine za kampuni zinaoujua. Ndiyo maana tokeni yako haiwezi kufanya kazi kwa jirani. Mita hukumbuka tokeni zilizokwisha kutumika na kukataa zile za zamani, kwa hivyo huwezi kuingiza moja mara mbili.

Alama hiyo ya wakati huhesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na imepewa nafasi ya biti 24 tu. Chukua kikokotoo: 2 kwa kipeo cha 24 ni 16,777,216. Gawanya dakika hizo na utapata karibu miaka 32. Yaani hesabu ilikuwa imalizike tarehe 24 Novemba 2024, na mita yoyote ya mfumo huo, popote duniani, ambayo haikuwa imerekebishwa ingekataa tokeni mpya. Ndiyo sababu mwaka huo Wakenya walitumiwa safu 2 za tarakimu za kuingiza kabla ya tokeni ya kawaida. Wengi walidhani ni matapeli. Ilikuwa tu ni uamuzi wa wahandisi wa miaka ya 1990, ambao waliona miaka 32 ni mingi, ukibisha hodi sebuleni. Ukiandika programu, kumbuka kwamba kuna mtu atakayeishi nayo jikoni baada ya wewe kuisahau.

Jua na mkopo

Sambamba na nyaya kulikuwa na njia nyingine. Mwaka wa 1984 mhandisi Mmarekani Harold Burris na mwalimu Mark Hankins waliweka sola katika shule ya sekondari ya Harambee ya Karamugi, maeneo ya Mlima Kenya. Mafundi wakajifunza, walimu na wakulima wa chai na kahawa wakaona, na soko la sola likakua bila kungoja mpango wa serikali. Wengi hawakununua kwa sababu ya taa bali kwa sababu ya televisheni ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe. Wasiokuwa na paneli walibeba betri ya gari kwa baiskeli hadi sokoni ikachajiwe, ili wasikose taarifa ya habari au mpira.

Taa nzuri ya sola ilikuwa ghali kwa sababu balbu za zamani zilikula umeme mwingi, na hivyo paneli na betri zilibidi ziwe kubwa. Jibu lilitoka Japani. Mwaka wa 1993 Shuji Nakamura alionyesha LED ya buluu yenye mwanga mkali, na bila ya buluu hatungekuwa na LED nyeupe. Yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2014. Kwa LED, paneli ndogo kama kitabu kikubwa iliweza kuangaza nyumba.

Lakini hata hiyo ndogo ilikuwa na mlango wake wa pesa. Mwaka wa 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza sola kwa njia mpya. Mmoja wa waanzilishi wake, Nick Hughes, alikuwa ameongoza kazi ya M-Pesa akiwa Vodafone. Mteja alilipa shilingi 3,000 hivi kwanza, kisha kati ya shilingi 40 na 50 kwa siku kwa takriban mwaka mmoja, hadi vifaa vikawa vyake. Kiasi hicho cha kila siku hakikuwa mbali na pesa ambazo nyumba nyingi zilitumia kwa mafuta na kuchajisha simu. Ndani ya kisanduku chake kulikuwa na laini ya simu. Ukilipa kwa M-Pesa, seva inakiambia kisanduku kifungue. Usipolipa, kinajifunga. Kampuni nyingine zilifuata, baadhi kwa laini ya simu na baadhi kwa namba za kubonyeza kama tokeni.

Mwaka wa 2018 serikali iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuzuia watu kuyachanganya na dizeli, na koroboi ikapoteza hata ule unafuu wake. Sensa ya 2019 ikakuta karibu nyumba 1 kati ya 5 inatumia sola. Kutoka chini ya asilimia 2, kwa miaka 10! Hakuna mafanikio mengi ya teknolojia nchini mwetu yanayofikia hilo.

Taa haijui kama nimelipa

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Mama yangu alinunua sola ya mkopo kutoka kwa kampuni ambayo sitaitaja. Miezi 7 alilipa bila kukosa. Jumatano moja ushirika wa nyumbani ulikuwa kwake, akina mama 12 hivi, chai iko tayari, na taa zikazimika saa 1 na nusu jioni. Alikuwa amelipa mchana. Ujumbe wa malipo anao kwenye simu. Ila mtandao ulikuwa umepotea kijijini tangu saa 10, na kisanduku hakikuwa kimepata habari. Alinipigia kesho yake akasema, "Mwanangu, mimi najua nimelipa, na Mungu anajua nimelipa. Taa ndiyo haijui."

Nimeandika programu za malipo, kwa hivyo naweza kukisia mstari wenyewe ulivyo. Siku zilizobaki zikiwa sifuri, zima. Ni mstari mfupi na sahihi kabisa kihesabu. Aliyeuandika pengine alikuwa kijana kama mimi, ofisini Nairobi, mchana, chini ya taa nzuri. Hakufikiria ushirika wa Jumatano.

Usinielewe vibaya. Bila kufuli, hakuna mkopo. Benki haingempa mama yangu mkopo kwa dhamana ya kuku. Kufuli ndiyo iliyowezesha kampuni kumwamini mtu isiyemjua, na siku hizi kufuli hiyohiyo imehamia kwenye simu: M-KOPA na wengine wanauza simu kwa malipo ya kila siku, na usipolipa simu inajifunga. Vijana wa boda boda wamepata simu ya kazi kwa njia hiyo. Ni jambo jema. Lakini kifaa kinapokuwa dhamana, aliyekiandikia programu anashika kitu cha jirani yake mkononi, na Biblia ina mengi ya kusema kuhusu kushika dhamana.

Tumezoea kuhubiriwa taa kwa mfano wa wanawali 10 katika Mathayo 25. Aliyekulia na koroboi hahitaji maelezo ya mfano huo. Anajua mafuta huisha saa ngapi na duka hufungwa saa ngapi. Lakini kuna sheria nyingine ambayo sijasikia ikihubiriwa sana. Katika Kutoka 22 na Kumbukumbu la Torati 24, Mungu hakatazi kukopesha kwa dhamana. Anaiwekea mipaka. Ukichukua vazi la maskini kama dhamana, umrudishie kabla jua halijatua, kwa sababu ndilo blanketi lake. Jiwe la kusagia usilichukue kabisa, kwa sababu ndilo riziki yake. Ukienda kuchukua dhamana, usiingie ndani ya nyumba yake. Simama nje akuletee mwenyewe.

Nikiisoma sheria hiyo kama msanidi programu, naona masharti yanayoweza kuandikwa leo hii. Kisanduku kisizime taa usiku, kingoje asubuhi. Uingereza tayari mita za kulipia kabla zimepangwa zisikate umeme usiku na wikendi, kwa hivyo si ndoto. Kama mtandao umepotea, kisanduku kiongeze siku moja au mbili, maana kukosa habari si kukosa malipo. Simu ikifungwa, ibaki inaweza kupiga namba ya dharura na kupokea simu. Onyo lije siku 3 kabla, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Na deni likiisha, kufuli iondoke kabisa, isibaki mlango wa kurudia.

Kila sharti hapo ni mistari michache ya programu. Litaigharimu kampuni kiasi fulani, kama vile kurudisha vazi jioni kulivyomgharimu mkopeshaji wa zamani, maana kesho ilibidi aende kulichukua tena. Sheria ilijua hivyo na bado ikaamuru.

Mama amemaliza kulipa. Sasa taa ni zake, amechimba kitundu kingine kwenye mabati akapitisha waya hadi jikoni, na anataka mlango wa zizi pia uwe na balbu. Kazi hiyo ya waya ameniachia mimi sikukuu ya Krismasi ikifika. Koroboi bado iko juu ya kabati, imejazwa mafuta. Nilimuuliza ya nini, akasema mtandao ukipotea yeye hataki kubishana na mtu.

Kama unaandika programu inayoshika kitu cha mtu, nenda ukailale usiku mmoja katika nyumba inayotumika. Mungu awabariki, na tuzidi kujenga.